Matoleo yanapogongana: utatuzi wa matatizo kwa anayehariri video yenye mikato mingi

Kazi moja ya harusi siku hizi haitoki na video moja. Kuna ndefu ya saa 2 anayoisubiri mama wa bibi harusi, kuna fupi ya dakika 4 ya maharusi wenyewe, na kuna ya wima ya kurusha kwenye simu. Kila moja inarudi na marekebisho mara mbili tatu. Kufikia wiki ya pili projekti ina taimlaini tisa, na mtu anauliza mbona ile hotuba aliyosema itolewe bado ipo.

Maelekezo haya ni ya programu mbili za kuhariri video, Premiere Pro na DaVinci Resolve. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili uyapate haraka.

Kabla ya kugusa chochote, shika jambo moja: taimlaini haina picha ndani yake. Ni orodha ya maagizo tu: chukua klipu fulani, kuanzia fremu hii hadi ile, iweke hapa, ipake rangi hii. Ukinakili taimlaini, kinachonakiliwa ni orodha. Vile ambavyo orodha inavielekeza kwa mbali vinabaki vya pamoja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya matatizo hapa chini ina sura mbili: ama ulidhani kitu kimenakiliwa kumbe ni cha pamoja, ama ulidhani ni cha pamoja kumbe kimenakiliwa.

Nimegusa toleo moja, na jingine limebadilika

Hili ndilo linaloumiza kuliko yote, kwa sababu huligundui siku hiyo. Unaligundua toleo la kwanza likishafika kwa mteja.

Kwenye Premiere, mtuhumiwa wa kwanza ni taimlaini iliyowekwa ndani ya taimlaini nyingine, ile unayoipata ukichagua klipu kadhaa na kubonyeza "Nest". Ukinakili taimlaini kubwa kwa "Duplicate", ile ndogo ya ndani hainakiliwi. Matoleo yote mawili yanaielekeza ileile. Ukifupisha wimbo wa kuingia ukumbini humo ndani, umeufupisha kila mahali. Kupima ni rahisi: bonyeza klipu hiyo mara mbili. Ikifunguka kama taimlaini yenye klipu zake, umeshampata.

Dawa ni kuipa kila toleo nakala yake. Kwenye paneli ya projekti, nakili ile ndogo na uipe jina la toleo, mfano KUINGIA_FUPI. Iache ikiwa imechaguliwa humo, kisha kwenye taimlaini bonyeza kitufe cha kulia juu ya ile ya zamani na uchague "Replace With Clip", halafu "From Bin". Efekti na ukubwa ulioweka juu yake vinabaki.

Mtuhumiwa wa pili ni efekti iliyowekwa kwenye chanzo cha klipu badala ya klipu iliyopo kwenye taimlaini. Juu ya paneli ya "Effect Controls" kuna vichupo viwili: kimoja kinaanza na neno "Source", kingine kinabeba jina la taimlaini. Kilichowekwa chini ya "Source" kinaifuata klipu hiyo popote inapotumika. Kwa kurekebisha mwanga wa kamera iliyokosewa tangu asubuhi ni neema. Kwa rangi ya kupendezesha toleo moja ni balaa. Ikate pale, kisha ibandike kwenye kichupo cha taimlaini.

Kwenye Resolve, sababu ni nyingine. Taimlaini ndani ya taimlaini inafanya vilevile, lakini kinachowapiga wengi ni rangi. Ukurasa wa "Color" una aina mbili za rangi kwa kila klipu: "Local Versions", ambayo ni ya klipu hiyo kwenye taimlaini hiyo, na "Remote Versions", ambayo ni ya pamoja kwa kila taimlaini inayotumia klipu hiyo. Bonyeza kitufe cha kulia kwenye kijipicha cha klipu uone unatumia ipi. Ukikuta "Remote" na hukuitaka, usibadilishe hapohapo, maana unaweza kuikuta "Local" ikiwa tupu na ukadhani kazi imepotea. Piga kwanza "Grab Still" ili rangi ihifadhiwe kwenye matunzio, hamia "Local", kisha iweke tena kutoka kwenye picha hiyo. Kama rangi ni "Local" na bado toleo la pili linabadilika, tafuta nodi ya pamoja (nodi ni hatua moja ya kupaka rangi, na ya pamoja hutumiwa na klipu nyingi). Nodi hizo zimetengenezwa zifanye hivyohivyo, kwa hiyo suluhisho ni kuweka nodi ya kawaida mahali pake.

Kuna sura ya tatu, ya Resolve pekee: umefanya toleo la simu liwe wima, na lile la televisheni nalo limesimama wima. Hapo ulibadilisha mipangilio ya projekti, nayo inazitawala taimlaini zote zisizo na mipangilio yake. Rudisha projekti kwenye 1920 kwa 1080. Kisha bonyeza kitufe cha kulia kwenye taimlaini ya simu, ingia "Timelines", halafu "Timeline Settings", ondoa alama ya "Use Project Settings" na uandike 1080 kwa 1920 humo. Kwenye sehemu ya ukubwa usiolingana chagua picha ijaze fremu na kukatwa pembeni, la sivyo utapata pau nyeusi juu na chini.

Ukiwa humo utajaribu kubadilisha kasi ya fremu (idadi ya fremu kwa sekunde) pia, na utakuta imefungwa. Resolve hairuhusu kubadilisha kasi ya taimlaini ambayo tayari ina klipu. Tengeneza mpya yenye kasi unayotaka, kisha nakili klipu uzibandike humo.

Klipu zimekuwa nyekundu, au picha inayotokea siyo

Nyekundu, yaani programu haioni faili la klipu, peke yake si tatizo la kukutoa jasho. Projekti inakumbuka njia nzima ya faili, na Windows ikiipa diski ya nje herufi F wakati jana ilikuwa E, njia imevunjika ingawa faili lipo palepale. Ipe diski herufi ya kudumu kupitia "Disk Management", na uchague ya mbali kama S au T isiyogombaniwa na kadi na flashi. Kisha unganisha upya: Premiere ni "Link Media", Resolve ni "Relink Selected Clips". Ukishaonyesha faili moja, mengine ya folda hiyo hujipata yenyewe.

Kibaya zaidi ni kuunganisha kukakubali, halafu mahali pa kula kiapo anaonekana mpishi. Kamera nyingi za Sony huanza kuhesabu C0001.MP4 kila kadi inapofomatiwa, na harusi yenye kamera mbili na kadi tano inaweza kuwa na faili tano zenye jina C0001. Programu ikitafuta kwa jina tu, inachukua la kwanza kuliona. Kwenye dirisha la "Link Media" la Premiere weka alama pia kwenye "Media Start", ili msimbo wa muda (saa iliyoandikwa ndani ya klipu) wa mwanzo wa klipu ulinganishwe pamoja na jina. Kama kamera zote mbili zilianza msimbo wa muda kwenye sifuri, alama hiyo haitakusaidia. Itabidi uunganishe folda moja moja kwa mkono.

Kinga yake ni dakika kumi za kazi kabla ya kuingiza chochote: kila kadi na folda yake, na kila faili lipewe kiambishi cha kamera na kadi, kama A1_C0001. Fanya hivyo kabla, kamwe si katikati ya kazi, maana ukibadilisha majina baada ya kuanza kuhariri unavunja viungo vya matoleo yote kwa mpigo.

Kazi ya jana haipo

Usiharakishe kulaumu umeme. Mara nyingi kazi ipo, ila uko kwenye faili jingine. Angalia mambo manne kwa mpangilio huu.

Kwanza, njia kamili ya faili iliyoandikwa juu kabisa ya dirisha la Premiere. "Save As" inakuhamishia kwenye faili jipya, na unaendelea humo. "Save a Copy" inatengeneza nakala kando lakini wewe unabaki kwenye la zamani. Aliyetumia ya pili akidhani ni ya kwanza, siku nzima amefanya kazi kwenye v03 (toleo la 3), na leo anafungua v04 akiikuta kama alivyoiacha.

Pili, kama njia hiyo inataja folda ya "Adobe Premiere Pro Auto-Save", simama hapohapo. Maana yake programu ilianguka siku moja, ukafungua nakala ya akiba moja kwa moja, na tangu hapo kila unapohifadhi unahifadhi ndani ya folda ambayo programu huifuta nakala kongwe idadi ikijaa. Tumia "Save As" kuipeleka kwenye folda ya projekti sasa hivi. Nakala ya akiba haifanyiwi kazi ilipo: inakopiwa nje, inapewa jina jipya, ndipo inafunguliwa.

Tatu, tafuta taimlaini ndani ya projekti. "NDEFU Copy 01" na "NDEFU Copy 02" ni rahisi kuchanganya saa sita usiku.

Nne, nakala za akiba zenyewe. Kwenye Premiere weka kila dakika 5 na idadi ya juu 50, kwa sababu faili la projekti ni dogo na halitajaza diski. Kwenye Resolve hakuna faili la kutafuta, kwani projekti zinakaa ndani ya maktaba yake. Washa "Project Backups" kwenye "Preferences", upande wa "User", sehemu ya "Project Save and Load", na uielekeze diski tofauti na ile ya mfumo.

Nukta hiyo ya maktaba imewagharimu watu kazi nzima. Klipu zako ziko salama kwenye diski ya nje, fundi anafomati kompyuta, na mikato yote inaondoka na diski C. Kila toleo linapotoka kwenda kwa mteja, toa pia faili la .drp kwa "Export Project" na uliweke pamoja na klipu. Faili la .drp halina picha ndani yake. Ukitaka projekti na klipu zake kwa pamoja, chukua "Export Project Archive", na uandae nafasi ya kutosha.

Mteja anataja dakika ambayo haina anachosema

"Dakika ya 14 na sekunde 20, toa huyo mjomba." Unaenda 14:20 unakuta keki. Ama mteja anatazama toleo la zamani lililobaki kwenye simu yake, ama saa zenu hazianzii mahali pamoja. Taimlaini za Resolve huanza kwenye 01:00:00:00 usipobadilisha, wakati kichezeshi cha simu huanza sifuri. Hiyo saa 1 ya mwanzo ni rahisi kuitambua. Toleo la zamani si rahisi.

Andika jina la toleo juu ya picha yenyewe kwa kila nakala ya kukaguliwa. Resolve ina "Data Burn-In" kwenye menyu ya "Workspace": weka msimbo wa muda na maandishi yako mwenyewe, kama FUPI v05. Premiere ina efekti ya "Timecode": iweke kwenye tabaka la marekebisho ("Adjustment Layer") juu ya safu zote, na kando yake maandishi ya toleo. Mteja atume picha ya skrini badala ya kuandika dakika. Ukiona v03 kwenye kona ya picha hiyo, umepata jibu bila ubishi.

Kuhusu majina ya faili: neno "mwisho" lipigwe marufuku, pamoja na ndugu zake "mwisho kabisa" na "mwisho2". Tumia tarehe ya tukio, aina, na namba ya tarakimu mbili: 0614_NDEFU_v07. Tarakimu mbili ni kwa sababu sehemu nyingine hupanga v10 kabla ya v2. Namba ipande pale tu toleo linapotoka mikononi mwako. Ukiipandisha kila unapoamka kwenda kunywa chai, utakuwa na v31 ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiona, na namba itakuwa haina maana yoyote.

Sauti inaachana na picha

Usianze kusogeza. Pima kwanza, kwa sababu namna inavyoachana inakuambia sababu.

Kama sauti iko sawa hadi dakika ya 12 na kuanzia hapo imechelewa kwa kiasi kilekile mpaka mwisho, kuna mkato uliofanyika baada ya kumpa fundi sauti taimlaini. Yeye ana v05, wewe uko v06. Kwenye Resolve fungua toleo jipya, bonyeza kitufe cha kulia kwenye la zamani ndani ya "Media Pool", ingia "Timelines" na uchague "Compare with Current Timeline". Itakuonyesha kilichoongezwa, kilichotolewa na kilichosogezwa. Premiere inahitaji macho: weka video iliyotolewa ya v05 kwenye safu ya juu ya v06, ipunguze ukubwa ikae kona moja, na uitembeze mpaka picha mbili ziachane. Hapo kata safu zote za sauti na uzisogeze idadi ya fremu iliyopungua. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40.

Kama sauti inaachana taratibu, kidogo mwanzoni na sana mwishoni, hakuna mkato wa kutafuta. Ni kasi za fremu zisizolingana. Tofauti ya sekunde 3.6 kwa kila saa ni dalili ya 23.976 dhidi ya 24, au 29.97 dhidi ya 30. Tofauti ya dakika 2 na nusu kwa saa ni 25 iliyochezwa kwa 24. Na kama inayumba bila mpangilio, uliza kama klipu imetoka kwenye simu: simu nyingi hurekodi kwa kasi inayobadilikabadilika. Ipitishe kwenye programu ya kubadilisha video ya HandBrake ukiwa umechagua "Constant Framerate", na ufanye hivyo kabla ya kuanza kuhariri. Ukibadilisha faili baada ya matoleo matatu kukamilika, alama za mwanzo na mwisho za klipu hiyo zinaweza kuhama kwa yote matatu.

Faili lililotoka silo nililolitaka

Premiere inatoa kilichochaguliwa kwenye paneli inayofanya kazi wakati huo. Kama mara ya mwisho ulibonyeza paneli ya projekti na kuna taimlaini nyingine imechaguliwa humo, itatoka hiyo. Bonyeza ndani ya taimlaini yenyewe kabla ya Ctrl+M.

Video imetoka sekunde 40 badala ya dakika 4? Kuna alama za "In" na "Out" ulizoziacha. Badilisha "Range" iwe "Entire Source". Resolve ina chaguo kama hilo kwenye ukurasa wa "Deliver": "Entire Timeline".

Ulituma kwenye foleni ya Media Encoder, programu ya Adobe ya kutolea video, ukarudi kurekebisha jina lililokosewa, na video imetoka na kosa lilelile? Foleni ilibeba hali ya taimlaini ya wakati ulipoituma. Ifute kwenye foleni uitume upya.

Picha imetoka yenye ukungu: angalia kama "Use Proxies" (nakala nyepesi za klipu) au "Use Previews" (video za hakikisho) imewekwa alama kwenye Premiere, au "Use proxy media" kwenye Resolve. Kwa nakala ya kukaguliwa haina shida. Kwa ile ya kukabidhi, ondoa zote. Kama faili kwenye kompyuta ni safi na ukungu uko kwenye simu ya mteja tu, ni WhatsApp iliyoibana. Itume kama hati.

Uandishi wa faili unagoma karibu na GB 4 ukipeleka kwenye flashi: flashi hiyo imefomatiwa FAT32, ambayo haibebi faili moja kubwa zaidi ya hapo. Ifomati exFAT, inayosomeka Windows na Mac, baada ya kutoa vilivyomo.

Projekti imekuwa nzito, au inakataa kufunguka

Uzito wa Premiere mara nyingi unatokana na kuingiza projekti ndani ya projekti: klipu zilezile zinaandikishwa mara ya pili na ya tatu. "Consolidate Duplicates" kwenye menyu ya "Edit" inaziunganisha. Kisha acha kwenye projekti toleo unalofanyia kazi na lile la mwisho alilopokea mteja. Mengine yabaki kwenye nakala ya projekti iliyowekwa kando. Kwenye Resolve, ondoa alama ya "Load all timelines when opening projects" kama kufungua kunachukua muda mrefu.

Ujumbe kwamba projekti ilihifadhiwa na toleo jipya la programu maana yake ni hiyohiyo, na kubonyeza tena hakutabadilisha kitu. Mwenye programu mpya akutolee XML, faili la maandishi lenye maagizo ya taimlaini, kwa "Final Cut Pro XML". Mikato na mpangilio wa safu vitafika. Vichwa vya maandishi, efekti nyingi na rangi utavijenga upya. Kama mnafanya kazi wawili, kubalianeni namba ya programu kabla ya kuanza, na asiboreshe mmoja peke yake katikati ya kazi. Resolve ni kali zaidi hapa, kwani ikiboresha maktaba yako ya projekti, programu ya zamani haitaifungua tena. Inapokuuliza kama iboreshe, kataa kwanza, weka nakala ya maktaba nzima, ndipo ukubali.